Ng'ombe wa Magurudumu Mawili

Upande wa kushoto wa injini palikuwa na tundu la mviringo, pana kama kisahani cha chai, na Kaze alikuwa hawezi tena kulitazama bila kutukana. Vitu vingine vyote vilikuwa mahali pake. Fremu aliyoikwangua kutu mpaka vidole vikatoka malengelenge ilikuwa imesimama. Gurudumu la nyuma lilizunguka bila kuyumba, ijapokuwa nusu ya spoku zake zilitolewa kwenye pikipiki iliyokufa zamani. Tangi lilikuwa jekundu, rangi iliyobaki lango la kanisa lilipopakwa. Hata taa ya mbele ilikuwapo, imebanwa kwa skrubu za kitanda. Tatizo ni tundu lile tu. Hapo ndipo ilipopaswa kukaa sumaku, gurudumu dogo zito linalozunguka na kuzaa cheche. Bila cheche, Yamaha nzima ilikuwa sanamu.

Na kesho, baada ya umuganda, kazi ya pamoja ya mtaa, Mugenzi angekuja.

Mugenzi alikuwa na karakana Kacyiru, anafufua pikipiki za zamani na kuwakodishia watalii. Kaze alipokwenda kuomba kazi, alitazamwa kuanzia viatu mpaka kichwa, kisha akaambiwa: "Cheti sikuulizi. Nionyeshe kitu kimoja ulichokiunda mwenyewe, nikisikie kinanguruma. Kisiponguruma, kuna mwenzako anasubiri." Kwa Kaze hayo yalikuwa maneno matamu kuliko yote aliyowahi kuambiwa na mtu mwenye ofisi. Shule aliiacha katikati, siku aliyomwambia mwalimu wa hesabu kwamba hata yeye haelewi anachofundisha. Gereji mbili zilikwisha kumfukuza. Mikono yake ilisifiwa kote, mdomo wake ukamtoa kote. Hii ilikuwa nafasi ambayo haikuuliza habari za mdomo.

Soko la vipuri la Gatsata alikuwa amelimaliza duka kwa duka. "Sumaku ya hii?" muuza vipuri mmoja alimcheka. "Sha, hii iko umri wa baba yangu. Tafuta kwa mapadri, ama kaburini."

"Bado unaitazama?" Kirezi aliuliza. Alikuwa mpiga rangi wa uwanja ule wa mafundi, Gatenga, na kitambaa cha kuzuia vumbi kilikuwa kimemning'inia shingoni. "Haitaota kama uyoga."

"Muzee Gasana ameniua. Alinipa pikipiki vipande vipande, na alijua hiyo kitu haimo kwenye magunia. Alijua kabisa!"

"Na wewe ukaenda kumwambia nini?"

Kagarama nzima, mtaa wa mzee, ilikuwa na habari. Jumatano alisimama kwenye lango la mzee, wageni wakiwa wamejaa uani, akapaza sauti: "Umenipa mifupa, nyama umeuza!" Mzee aliinua tu kikombe chake cha chai na kukiweka tena bila kunywa.

"Niambie kitu," Kirezi alisema. "Siku alipokupa, alisema vipi? Maneno yenyewe."

"Alisimama, akavaa koti. Koti, jua lile! Akasema, 'Kaze, ninakugabia. Itunze.' Nikamwambia sawa, nikasukuma mkokoteni haraka kabla hajabadilisha mawazo."

Kirezi alimtazama kama mtu anayetazama rangi iliyomwagika. "*Yewe*, Kaze. Alikugabia, kama anayekupa ng'ombe. Na wewe ulirudi lini kukura ubwatsi, kumshukuru kwa pombe?"

"Kushukuru? Kwa magunia ya vyuma? Ubwatsi ni mambo ya ng'ombe."

"Mtu anavaa koti, anasimama, anakugabia, na wewe unaondoka kama umeokota chupa. Miezi yote hii hujarudi kumwambia inaendeleaje. Ulirudi siku moja, tena kumtukana mbele ya wakwe zake." Alirudisha kitambaa puani. "Mimi ningekuficha hata injini."

Kaze alicheka. Kisha kicheko kikamkwama, kwa sababu Gasana alikuwa mhudumu wa mifugo maisha yake yote, na juu ya Yamaha hiyo hiyo alivuka Bugesera nzima akizalisha ng'ombe wa watu, mpaka goti lilipokataa akaifungua mwenyewe, kipande kwa kipande, kila kipande akikipaka mafuta kabla ya kukitia guniani. Kaze aliyajua yote hayo. Hakuwa ameyafikiria, wala kwamba mtu kama huyo hapotezi sumaku.

Mfukoni alikuwa na fedha ya petroli, basi. Alinunua nayo galoni ya urwagwa, akaibeba begani kuteremka bonde na kupanda mlima wa Kagarama, pombe ya ndizi ikimchuruzikia mgongoni. Mlinzi wa uwanja wa mafundi alizoea kufunga lango jua likizama, na hakuna aliyewahi kumbembeleza akafungua. Kaze alitembea kwa hasira, akihesabu maneno atakayosema: asante, nipe, kwaheri.

Aliyemfungulia alikuwa Illuminée, mke wa mzee. Alisimama katikati ya mlango kama komeo.

"Umerudi kumalizia? Leo hakuna wageni, utakosa wa kukusikiliza."

"Nimekuja kwa muzee, mama."

Macho yake yalishuka kwenye galoni, yakakaa hapo, yakapanda tena. Akasogea.

Gasana alikuwa barazani. Alipoiona galoni, hakumpa mkono Kaze. Aliingia ndani kwanza. Aliporudi alikuwa amevaa koti.

"Karibu, kijana wangu," alisema kwa Kiswahili chake cha Karagwe, alikokulia. "Keti. Habari za mnyama?"

Asante, nipe, kwaheri. Maneno matatu yalikuwa yamesimama tayari mlangoni mwa meno, lakini swali lile lilikuwa halina pa kuyapitisha. Mzee alikuwa ameuliza, na alikuwa anangoja kujibiwa.

"Yuko mzima," Kaze alisema. "Amesimama."

"Alisimama vipi?"

"Ilikuwa ngumu, muzee. Boliti moja ilinikatikia ndani ya injini. Nililazimisha. Nilikuwa na haraka."

"Ile fupi ya chini?"

Kaze alishtuka. "Hiyo hiyo."

"Hata mimi iliniliza. Endelea."

Akaendelea. Alieleza alivyoichimba boliti ile siku nzima kwa sindano ya cherehani na ncha ya bisibisi. Alieleza gasketi aliyoikata kwenye boksi la viatu, ikavuja, akakata nyingine. Alieleza ringi za pistoni alizozipiga tupa kidogo kidogo, akipima kwa wembe, mpaka ikafika mahali akawa anaota tupa. Mzee aliuliza, alipinga, mara moja alipiga paja lake na kusema, "Muongo! Wembe?" Kaze akaapa kwa mama yake. Illuminée akasogeza kiti chake karibu, akijifanya anachambua maharage.

Hakuna mtu aliyewahi kumuuliza Kaze alifanyaje. Watu waliuliza itaisha lini, itagharimu nini, kwa nini imeharibika tena. Alijisikia akiongea taratibu, na hakuijua sauti hiyo.

"Na Jumatano," alisema, kwa kuwa simulizi lilikuwa limefika hapo na hapakuwa na njia ya kuzunguka, "nilisema umeuza nyama. Niliongea upumbavu. Nimekuja kukushukuru, muzee. Ni hilo tu."

Akashangaa kwamba ni kweli, ni hilo tu. Tundu la injini hakulitaja. Kivuli cha ukuta kilikuwa kimefika miguuni pao, na kule Gatenga mlinzi bila shaka alikuwa anatafuta kufuli yake.

Gasana alimtazama mkewe. Illuminée akaingia ndani, akatoka na kikapu chenye kifuniko, akakiweka juu ya magoti ya Kaze. Kilikuwa kizito kuliko umbo lake. Ndani, juu ya kitambaa safi, palikuwa na sumaku. Imepakwa mafuta upya.

"Niliitoa mwenyewe," mzee alisema. "Nilitaka uwe na sababu ya kurudi. Ukarudi, lakini kwanza uliutuma ulimi wako."

Damu ilimpanda Kaze. "Muzee! Gatsata nzima nimeizunguka! Nimechekwa! Kesho mtu anakuja, kazi yangu yote iko hapa, na wewe unaificha kwenye kikapu?"

"Huyo sasa ndiye Kaze," Illuminée alimwambia mumewe. "Nilianza kuogopa anaumwa."

Mzee alicheka mpaka akakohoa. Kaze hakucheka. Alikuwa amekwisha kusimama, kikapu kifuani. Jua lilikuwa limekaa juu ya mabati ya jirani. Akikimbia sasa hivi, akateremka kwa njia ya mkato, angemkuta mlinzi langoni. Pengine.

"Asante, muzee. Nakimbia. Wanafunga."

"Najua wanafunga. Jina lake nani?"

"La nani?"

"Mnyama." Gasana alikuwa hacheki tena. "Kwangu hakuna ng'ombe aliyetoka zizini bila jina. Huyu nilimwita kwa jina nililompa mimi miaka yote, na jina hilo ninabaki nalo. Sasa ni wako. Huyo mtu wa kesho atasikia ngurumo. Mimi nataka kusikia jina."

Kaze alitazama lango. Alifungua mdomo, na jina la kwanza lililokuja lilikuwa la haraka haraka, la kumridhisha mtu ili aondoke. Akaufunga. La pili lilikuwa la mzaha. Nalo akaliacha lipite. Mahali fulani chini ya mlima pikipiki ya umeme ilipita bila sauti, taa tu, ikapotea kwenye kona.

Akarudi kitini; lango la Gatenga na lifungwe. Akakiweka kikapu katikati ya miguu yake.

Illuminée alimimina urwagwa kwenye kibuyu, na mzee akakishika bila kunywa, akingoja jina.