Basi Chukua Wewe

Msuluhishi alituweka vyumba viwili, mume wangu kule, mimi huku, naye akawa anapita katikati na faili la talaka yetu. Mahakama ilitupa mpaka saa sita tukubaliane wenyewe, la sivyo hakimu atuamulie. Vyerehani tulishagawana. Alibaki binti yetu wa miaka minane, tuliyemwita Kiroboto kwa kutokutulia kwake.

"Mama Kiroboto," msuluhishi alisema, akinipa karatasi, "andika mtoto akae kwa nani. Mwenzako naye anaandika. Nitazisoma mbele yenu."

Nilimtaka mwanangu. Mwili mzima ulikuwa umeingia ganzi, sisikii njaa wala hasira, lakini hilo nilikuwa na hakika nalo. Ila miaka kumi na moja ya kushona duka moja na mume wangu ilinifunza kitu. Mteja akibishana bei kupita kiasi, humgombezi. Unamsukumia gauni lake: "Basi chukua bure!" Anaona haya, analipa. Mchezo huo tuliucheza wote wawili na haukuwahi kutuangusha.

Nikaandika: Akae kwa baba yake. Ataona haya huyu, nikajiambia, atasema hapana, mtoto ni wa mama yake.

Tukaitwa chumba kimoja. Mume wangu alikuwa na kipande cha uzi begani. Mkono wangu ukataka kukitoa, nikaukalia. Msuluhishi akasoma yangu. Kisha akasoma ya mume wangu: Akae kwa mama yake.

Nilitakiwa kusema neno moja tu, sawa. Lakini katika mchezo wetu anayefungua mdomo kwanza ndiye mteja, ndiye anayelipa. Nikangoja. Naye akangoja, anaitazama meza.

Msuluhishi alivua miwani. "Kwa hiyo hakuna anayemtaka."

Akageuza ukurasa kwenye faili.

"Ana bibi?"

"Yupo," mume wangu alisema. "Mama yangu."

"Kuna mwenye pingamizi mtoto akae kwake?"

Nilisikia kalamu inaandika. Tukatia saini, mimi kwanza, yeye baadaye.

Kwenye ngazi akaniambia, "Nilikuwa nakungoja useme sawa."

"Najua," nikasema.

Kiroboto alikuwa anatoka shule saa saba. Tulisimama pale chini, wazazi wake wawili, kila mmoja anangoja mwenzake aseme yeye ndiye atakayekwenda kumwambia.