Akili ya Mapacha Ni Moja

Mimi ndiye Kulwa, niliyetangulia kutoka tumboni, na kwetu Ugalla walishaamua tangu siku ile kwamba akili nimeichukua mimi. Pacha wangu, Doto, kaachiwa nguvu. Waliyasema hayo mbele yake, mtungi wa maji ukiwa kichwani mwake, naye akacheka na kuamini. Upuuzi mtupu! Tukikaa jioni kufanya hesabu alikuwa ananipita. Nikimwambia, "Doto, umepata!" ananijibu, "Nimepata kwa sababu umekaa karibu yangu, Dada."

Basi ikaja homa, alfajiri ya siku ya mtihani wa darasa la nne. Mtihani huo ndio uliochuja nani aende shule ya kati na nani arudi shambani. Nilitetemeka hadi kitanda kikalia. Mama akatupa kwinini wote wawili, mgonjwa na mzima, maana kwetu mapacha hawapewi dawa mmoja mmoja. Doto akameza dawa ile chungu huku akinitazama kwa woga.

"Nenda kafanye mtihani," nikamwambia.

Mama akamshika mkono mlangoni. "Nenda, mwanangu. Ila usimvute mwenzio. Nyie ni mapacha, mambo yenu unayajua."

Nilimsikia kutoka kitandani. Kila mtu kwetu aliyajua: akili ya mapacha ni moja, kama blanketi moja la watu wawili, huyu akivuta, yule anabaki wazi, na akiwa mgonjwa hufa. Na mimi nilikuwa nimelala hoi.

Jua likapanda, homa nayo ikapanda. Mwanzoni nilimwombea Doto: andika, mdogo wangu, andika yote. Lakini kichwa kilipoanza kunipasuka na miguu ikafa ganzi, nikaogopa. Je, kama ni kweli? Kama kwa kila jibu analoandika ananivuta mimi? Mama alikaa pembeni, na kila nilipoguna alisema, "Yuko anaandika huyo." Jamani, nilitamani aache! Mimi niliyeyaita upuuzi, nilitamani kalamu imwanguke mkononi. Kufa kunatisha, asikwambie mtu.

Kabla ya adhuhuri jasho likanitoka, shuka likalowa. Kichwa kikawa chepesi. Nikaomba uji. Mama akapiga vigelegele, majirani wakaingia. "Kulwa kapona! Kulwa kapona!" Hapo ndipo hofu ikanishika zaidi kuliko ile ya kufa. Kwa nini nimepona sasa hivi? Kumetokea nini huko darasani?

Doto alikuja mbio, vumbi mpaka magotini. Nyuma yake akaja Mwalimu Ubaldo, anahema, kakasirika.

"Mama Kulwa, huyu mtoto ana nini? Kaanza vizuri kuliko wenzake wote, halafu kaweka kalamu chini, kakaa analia mpaka muda umekwisha!"

Doto hata hakumsikiliza. Akanigusa paji la uso. "Mama, homa imemtoka saa ngapi?"

"Muda si mrefu. Jua lilikuwa halijafika utosini."

"Si nilijua!" Akacheka huku machozi yanamtoka. "Ni pale pale nilipoacha."

"Ni kwinini, Doto!" nikasema. "Ni dawa!"

"Kwinini umekunywa alfajiri, Dada. Mbona hukupona alfajiri?"

Kabla sijamwambia kwamba dawa huchukua muda kufanya kazi, Mama alishachota unga wa mtama, anampaka Doto usoni kumbariki, anamshukuru kwa kuniokoa, na wanawake wanashangilia. Nani angenisikia? Mwalimu Ubaldo alitikisa kichwa akaondoka zake.

Mwaka uliofuata mwalimu yule alihangaika huku na huku mpaka tukaruhusiwa kufanya mtihani, wote wawili. Asubuhi hiyo niliamka mzima, nikavaa, nikamwita Doto. Nikamkuta uani anafunga jembe lililolegea mpini.

Nikambembeleza. Nikamtukana. Nikamwambia anajua hesabu kunishinda, na kwamba homa ni homa tu, hata mbuzi anaumwa. Nikamvuta mkono mpaka nikalia, hakusogea. Akanifuta machozi kwa kiganja, pole pole, kama vile mwenye shida ni mimi.

"Wewe nenda, Dada," akasema. "Mimi nataka uishi."