Kiti cha Daktari Thuku

Jumatano ilikuwa siku ya wajawazito, na mwaka ule wa themanini na nne foleni ya kliniki ilianzia mlangoni ikafika hadi vibanda vya kabeji vya soko la Malindi. Nesi Kahonzi alimtoa kila mama damu kidogo, akaitia kichupani, akakiweka kichupa dirishani. Damu ikishatulia, mtoto aliye tumboni husema kutoka humo. Wengi husema "Nipo" basi. Wachache huuliza ni saa ngapi.

Daktari Thuku aliketi upande wa pili wa chumba. Mtoto akisikika pale kitini, mamake hupata kitanda cha kujifungulia. Asiposikika, hapati. Mahali pa kiti palitokana na hesabu safi: daktari alipima sauti za watoto wa akina mama wa Ganze, akatafuta wastani, akakipigilia kiti misumari sakafuni. Akina mama wale walikuwa wamekondeshwa na ukame na mwendo wa kufuata maji, na watoto wao walisikika hadi barabarani.

Mumbua, muuza kabeji, alikuwa mnene wa kujaza mlango. Mtoto wake wa kwanza alizaliwa nyumbani, akazikwa wiki hiyohiyo. Safari hii alikitaka kitanda kile kuliko kitu chochote duniani. Kichupa chake kikanyamaza.

"Daktari, kijiko kimoja cha sukari kikombeni utakionja," alisema. "Kwenye sufuria ya harusi, je? Sogea karibu, baba."

"Kiti hakisogei, mama. Na asiyekuwapo na lake halipo."

Mumbua alitoka akilia, wala hakujificha. Wenzake sokoni hawakuuliza mengi. Walizima redio, wakafunika kuku kwa matenga, soko zima likatulia. Dirishani sauti ndogo ikasema, "Nipo, mama. Huku kupana tu."

Kahonzi alisikia. Daktari naye alisikia, ila akaeleza kwamba hesabu ilifanywa soko likiwa na kelele, hivyo jibu hilo halifai.

Mumbua alijifungua Jumatano nyingine, nyuma ya kibanda chake, juu ya magunia, wenzake wamemshika mikono. Alimwogopea mtoto hadi alipomsikia. Alikuwa msichana, mzima, na kilio chake kilifika kliniki, kikapita juu ya vitanda viwili vitupu.

Daktari Thuku alikuwa akisikiliza kichupa cha mama mwingine mnene.

"Funga dirisha, nesi. Sisikii kitu."

Kahonzi akalifunga. Kichupa kilikuwa kimya.