Msaidizi wa Mapindo

Enid Cullimore alikuwa na miaka sabini na mmoja. Alisimama katika ukumbi wa makumbusho madogo ya mji wa Harnsford, mkoba kaukumbatia kifuani, akisoma kadi iliyobandikwa ukutani. Kadi ilisema: Magauni ya Kiangazi ya Muriel Stroud, 1951 hadi 1983. Chini yake, kwa herufi ndogo: Alisaidiwa mapindo na Bi. E. Cullimore.

Mapindo! Magauni ishirini na mawili yalikuwa mle ndani, yamevalishwa sanamu zisizo na vichwa, na kila moja kalipima yeye, kalikata yeye, kalishona yeye, magoti sakafuni na pini mdomoni. Muriel alikuwa na duka, basi. Alikaa mbele akiwapaka wateja mafuta kwa mgongo wa chupa. Cherehani ilikuwa chumba cha nyuma, na nyuma aliketi Enid, miaka thelathini na miwili.

Asiyejua nguo angepita asione kitu. Pamba nyepesi, rangi iliyopoa utadhani imeshafuliwa miaka mitano, mfuko umefichwa ndani ya mshono, vifungo vya rangi ileile ya kitambaa, urefu chini kidogo ya goti. Hakuna lesi, hakuna cha kumeremeta. Pale Harnsford, gauni likionekana kabla ya mwenye kulivaa, fundi kaharibu. Mwanamke alitakiwa apendeze na watu wasijue kapendezea wapi, na alivae gauni hilohilo miaka ishirini bila kupitwa na wakati. Ndiyo maana hata jina la fundi halikushonwa ndani ya ukosi. Muriel alisema kibandiko ni mambo ya watu wa London wanaopenda kujionyesha, na Enid, mjinga wa watu, akakubali.

Ila kosa la kadi lilikuwa lake mwenyewe, na hilo ndilo lililomla roho. Mwezi wa tano yule binti wa makumbusho, Tamsin, alimtembelea nyumbani na daftari lake, akamuuliza alikuwa akifanya kazi gani hasa pale dukani. Enid akajibu kama alivyolelewa kujibu: ah, mimi nilikuwa nasaidiasaidia tu kule nyuma, mapindo na nini. Kila mwenye malezi mjini anajua kinachofuata. Wewe unajishusha, mwenzako anakataa, anakubembeleza mara mbili tatu, ndipo unakiri kwa shingo upande kwamba, naam, labda nilikata mawili matatu. Tamsin hakubembeleza. Alikuwa na treni ya kuwahi. Akaandika "mapindo", akashukuru kwa biskuti, akaenda zake.

Na sasa magauni yatahifadhiwa pale daima, pamoja na kadi yao. Enid hakuwa na mume wala mtoto. Akishafukiwa, hakuna kingine duniani kitakachosema kwamba alipita hapa, ila kadi ile. Alikuwa amekuja kuibadilisha, na aliapa hatoki mle kabla haijabadilishwa.

Alimkuta Muriel kwenye meza ya chai, kavaa kitani cheupe, anapokea pongezi kwa uso mkavu. Enid akamwambia kwa sauti ya chini amwite yule binti, amweleze ukweli, yaishe.

"Lakini ulisema mwenyewe, mpenzi," Muriel akajibu, huku akijikatia keki. "Msichana kaandika ulichosema."

"Unajua vizuri kwamba kusema vile ni kusema tu."

"Najua. Lakini ulisema." Akalamba ncha ya kidole. "Na mimi si wa kukuvunjia heshima nikakukanusha mbele za watu."

Miaka yote ile Enid alidhani Muriel ni mvivu tu na mpenda sifa, kumbe alikuwa adui, tena adui mvumilivu.

Watu wakaketi. Walikuwa kama arobaini, wanajipepea kwa karatasi za ratiba, maana joto la Julai ile ya 1995 lilikuwa kali. Mbele kabisa walikaa wanawake watatu waliotoa magauni yao kwa maonyesho: Philippa Garnett, Beryl Oakshott na Nesta Bridgeman. Nyuma ya Nesta alikaa binti yake, Gillian. Muriel akahutubia dakika kumi. Akasimulia jinsi alivyokuwa akisikia kitambaa kikimwambia kinataka kukatwa wapi. Mwisho akamshukuru Enid wetu, mikono ya dhahabu kwenye mapindo, na watu wakampigia Enid makofi ya huruma.

Tamsin akauliza kama kuna mwenye neno. Enid akasimama.

"Nilikata mimi," akasema. "Yote ishirini na mawili. Muriel hajui kukata hata kitambaa cha meza."

Watu waliangalia viatu vyao kana kwamba mwanamke mzima kavua nguo mbele yao. Muriel akamwonea huruma hadharani. "Ni joto hili, masikini. Mleteeni maji."

Enid hakuketi. Akawageukia wale watatu, maana wao walijua. Walikuwa wakisimama mbele yake na nguo za ndani tu, kiangazi baada ya kiangazi. "Philippa," akasema, "nani alikuwa akikupima?"

Philippa alikitazama kikombe chake. "Ni zamani sana, Enid. Sote tulifurahi sana wakati ule."

Akamuuliza Beryl. Beryl alijitia hamnazo, akawa anatafuta kitu kwenye mkoba. Walikuwa wakijua na walikuwa wakinyamaza, kwa sababu ugomvi mbele za watu uliwatia aibu kuliko uongo. Hapo roho ikamchafuka Enid kabisa. Akaamua kuwatolea uvivu, mmoja mmoja.

"Basi nitawasaidia kukumbuka. Philippa, gauni lako ni lile la maua madogo. Titi lako la kushoto ni dogo kuliko la kulia, ndani nimeshonea pamba ya unene wa vidole viwili. Fumueni mtaikuta. Beryl, lako la kijani. Kwa nini lina mikono mirefu mpaka chini ya viwiko, na lilikuwa la mwezi wa saba? Kwa sababu mumeo hakimu alikuwa akikupiga, na nilipokupima mikono ilikuwa na alama za vidole vyake. Ulilia, nikakufuta machozi kwa kitambaa kilichobaki. Muriel, ulijua hilo?"

Muriel alikung'uta makombo ya keki kwenye kitani chake. Hakujua, na kila mtu aliona kwamba hakujua.

Enid angeweza kuishia pale. Kadi ilikuwa yake tayari. Tamsin alishasimama, kaduwaa, anaandika. Lakini hasira ikishaonja haishibi upesi, na alimwona Nesta akihangaika kitini, kashika mkono wa kiti, uso umemwiva, akadhani anataka kukimbia.

"Na wewe Nesta usiondoke. Lile la buluu, Agosti ya hamsini na tatu. Nilipandisha kiuno mpaka chini ya matiti na kutia marinda mbele, kuficha tumbo la miezi minne. Na mumeo alikuwa amerudi kutoka vita vya Korea mwezi wa saba."

Gillian, aliyezaliwa Januari ya mwaka uliofuata, alikuwa anahesabu. Midomo yake ilikuwa ikicheza kabisa. Kisha akachukua mkoba wake, akapita katikati ya viti, akatoka, na mlango ukajifunga nyuma yake taratibu.

Tamsin alikuwa ameshaibandua kadi ukutani. Alikuja nayo, kalamu mkononi, akauliza kwa adabu kama Bi. Cullimore angependa jina lake la kwanza liandikwe kwa kirefu. Enid akasema ndiyo. Sauti ilimtoka ndogo.

Nesta ndiye aliyefuata. Alikuja polepole, anachechemea, anajishikiza viti njiani, akasimama karibu kabisa na Enid kama zamani kwenye chumba cha nyuma.

"Nilikuwa nainuka, Enid," akasema. "Ni nyonga hii, inachukua muda. Nilikuwa nainuka nikusemee."

Nesta akageuka, akaanza safari ya kuelekea mlangoni, kiti kwa kiti, na hakuna aliyenyanyuka kumsaidia.