Besi Iliyorudi Nyumbani

Besi, ile sauti ya chini ya gitaa, ilirudi nyumbani Jumanne asubuhi, binti mkubwa akiwa sebuleni anashona pindo la sketi ya shule ya mteja. Vikombe vilianza kugongana kabatini. Mkasi ukatembea wenyewe juu ya meza hadi ukingoni, akaudaka. Kisha besi ikaingia mlangoni, nzito, ya taratibu, ikampita bila salamu kama mtu aliyechoka na safari, ikaenda kusimama koridoni, kati ya chumba cha mama na bafu.

"Mama, njoo," binti aliita. "Baba karudi."

Mama alikuwa jikoni anachambua mchele. Alitoka na ungo mkononi, akasikiliza.

"Baba yako tumemzika," alisema. "Hiyo ni kazi yake. Wimbo wa pili, upande wa kwanza." Akasikiliza tena kidogo. "Iambie ipunguze, jirani ana mtoto mchanga."

Binti akaiambia. Besi ikapunguza.

Juma hilohilo watu wakaanza kugundua kwamba santuri yenye jalada jekundu imepungukiwa. Ilikuwa santuri ambayo kila nyumba ilikuwa nayo, au iliwahi kuwa nayo ikaazimwa isirudi. Mtangazaji wa redio aliiweka, akaitoa, akaifuta kwa kitambaa, akaiweka tena. Vinyozi walifungua spika zao wakapuliza vumbi. Magitaa yalikuwepo, drams zilikuwepo, mwimbaji alikuwepo na koo lake lote, lakini nyimbo zilikuwa zinatembea kwa ncha za vidole. Ikawa hivyo kwenye kila nakala, mpya na kuukuu, na hata kwenye ile iliyofungiwa kwenye kabati la kioo la kampuni.

Nyumbani hakuna aliyeshangaa. Shangazi mtu, dada wa marehemu, alikuja na mkoba wake wa nguo ili akae na besi siku chache.

"Kaka yangu huyu," alisema, akiwa ameegemea ukuta wa korido unaotetema, "alikuwa anaona haya hata kuomba chumvi mezani. Anakula chakula chapwa, ananyamaza. Kumbe sauti yake alikuwa anaiweka akiba tu."

"Alikuwa anaomba," mama alisema. "Kwangu alikuwa anaomba."

"Kwako, wifi, nani angeacha kuomba? Ulikuwa unamtisha."

Walicheka mpaka mama akafuta macho kwa ncha ya khanga, na haikujulikana ni kicheko au ni kile kingine.

Habari za jinsi santuri ile ilivyorekodiwa zilikuwa zinajulikana vizuri katika nyumba ile, kama nyumba nyingine zinavyojua habari za shamba lao. Studio ilikuwa chumba kimoja chenye magodoro ukutani na kipaza sauti kimoja kilichoning'inia darini. Aliyekuwa na sauti ndogo alisogezwa karibu, mwenye kelele akasukumwa nyuma. Mpiga drams alikaa ukutani kabisa, na drams zake zikafunikwa shuka. Lakini besi ilikataa kukaa popote. Kila ilipopigwa, mshale wa mtambo wa kurekodi uliruka hadi kwenye wekundu, na ngozi za drams zikanguruma zenyewe. Basi baba akatolewa nje hadi koridoni na spika yake, mlango ukaachwa wazi kiasi cha upana wa kiganja.

Akiwa pale, ameketi juu ya kreti la soda, hakuweza kumwona mwimbaji wala kiongozi wa bendi. Alichoweza kuona kupitia upenyo ule ni mguu wa kulia wa mpiga drams. Akapiga santuri nzima kwa kuufuata mguu ule. Wanaojua kusikiliza wanasema ndiyo maana besi na drams katika santuri ile ni kama mtu mmoja anayetembea. Katika wimbo wa mwisho kuna mlio wa ndoo: ni mfagizi aliyekuwa anapita, na baba alimkunjia miguu ampishe bila kukosea hata nukta moja.

Kazi ilipokwisha, karani wa kampuni aliingia chumbani kuchukua majina ya jalada. Utaratibu wa kampuni ulikuwa kuandika waliomo chumbani. Akaandika waliomo chumbani.

Wenzake walimtania baba kwa jina la Bwana Korido mpaka alipostaafu. Naye alikuwa anacheka nao.

Fundi mitambo wa kampuni alifika siku moja mchana, amebeba mashine ya utepe begani na jasho usoni. Kampuni ilikuwa inataka kuitoa upya santuri ile, na jalada jipya lilikuwa linangoja kwenda kiwandani. Walikuwa wamemwita mpiga besi mwingine, kijana hodari kabisa, apige upya. Lakini kila alipoanza, mwimbaji aliyemo kwenye utepe alikohoa na kunyamaza, na mpiga solo akaanza kukaza nyuzi zake taratibu, kama watu wanaomngoja mwenzao aliyechelewa.

"Shikamoo mama. Pole sana na msiba."

"Marahaba, baba. Tumeshapoa. Karibu."

"Nimeifuata besi."

"Iko pale. Iombe."

Fundi alitega kipaza sauti koridoni, akavaa visikilizio, akasema tafadhali. Koridoni kukawa kimya kiasi cha kusikia bomba la bafu linadondosha maji.

"Imekataa," alisema.

"Haijakataa, inangoja." Mama alileta jalada jekundu, akalifunua mapajani mwake. "Nisomee. Aliyepiga picha yumo?"

"Yumo."

"Mwenye gari lililobeba vyombo?"

"Ameshukuriwa hapa chini."

"Mume wangu je?"

Fundi alisoma mpaka mwisho, kisha akageuza nyuma, kama vile jina linaweza kuwa limezunguka upande wa pili.

"Mama, huu ni mstari mmoja tu. Ngoja nimpigie mkurugenzi sasa hivi, kabla jalada halijaenda."

Binti mkubwa aliacha kukanyaga cherehani. Kama jina lingeandikwa, lingeandikwa sasa. Wakikosa hapa, hakuna atakayelichapa tena wao wakiwa hai. Fundi aliiweka simu juu ya meza, sauti juu, ili wote wasikie.

"Mkuu, wanataka jina tu. Hela hawajataja."

"Ingekuwa nafuu kama wangetaja hela," mkurugenzi alisema. Hakuwa na hasira. Alikuwa anaongea kama mtu anayeeleza njia. "Sikiliza, fundi. Nikimwandika huyo, waliokuwa naye koridoni nitawafanyaje? Tarumbeta zote tulikuwa tunaziweka koridoni. Wale akina mama waitikiaji walikuwa koridoni, kwa ajili ya mwangwi. Nusu ya muziki wa kampuni hii imetoka koridoni."

"Ndiyo, mkuu. Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo hapana."

Fundi alikunja nyaya zake polepole. Alipofika mlangoni besi ikaanza yenyewe, wimbo ule wa ndoo, nayo ikaenda mpaka mwisho. Alisimama na kofia mkononi hadi ilipotulia.

"Mzee alikuwa anapiga," alisema.

"Alikuwa anapiga," binti akajibu, kidevu juu.

Kampuni iliitoa santuri bila besi. Jalada lilikuwa zuri zaidi, jekundu lenye herufi za dhahabu, na majina yaleyale. Gazeti moja liliusifu wepesi wake wa kisasa. Mkurugenzi alipewa tuzo akapigwa picha nayo.

Watu wa mtaani wakaanza kuja na nakala zao kuukuu chini ya kwapa. Waliketi sebuleni, kwenye ngazi, dirishani, na santuri ikawekwa. Kabla sindano haijashuka, mama alisimama katikati ya chumba na kulitaja jina la mumewe lote, lake, la baba yake na la babu yake, bila haraka. Hapo besi ikaingia kutoka koridoni, sakafu ikaitika, na watu wazima wenye vyeo vyao wakatikisa mabega. Binti aligawa viti. Hakuwahi kuona nyumba yao ikiwa ndefu namna ile.

Jumapili moja, watu wakiwa wamejaa, mlango ulisukumwa na sauti ya mwitikio ikaingia: sauti ya mwanamke, nyembamba, safi, peke yake. Ikapita kati ya viti, ikaomba njia, ikaenda koridoni. Nyuma yake akaingia mama mmoja aliyevaa sare ya wauguzi, anahema kwa kukimbia.

"Samahanini. Kuna sauti imeingia hapa? Ni ya mama yangu. Nimeifuata tangu kituo cha basi."

"Imeingia, mwanangu. Iko na wenzake," mama alisema, akimsogezea kiti. "Keti upumzike. Lakini kwanza niambie, mama yako alikuwa anaitwa nani?"

Muuguzi akalitaja. Mama akageuka, akalirudia kwa sauti kubwa, ili walioko kwenye ngazi nao wasikie.