Kivuli cha Daraja

Saa mbili na nusu asubuhi, jua lilipolipita paa la ghala, kivuli cha daraja kilitokea juu ya mto kama kila siku, na watu wakaanza kuvuka. Walitangulia wenye kazi za mapema, wakafuata wanafunzi, kisha wenye mikokoteni. Kivuli kilikuwa na vyuma vya pembeni, navyo vya kivuli, na wazee walivishika. Daraja lenyewe halikuwepo.

Lilikuwepo kwenye ripoti. Miaka sita nyuma ofisi ya ujenzi iliandika kwamba daraja limekamilika. Wakubwa wakaja, wakakata utepe uliofungwa kwenye viti viwili, wakapigiwa makofi, wakaondoka. Wiki hiyohiyo kivuko kikaondolewa, maana penye daraja kivuko cha nini. Mtaa ulikaa miezi minne umefungiwa, kwa kuwa mkondo wa mto ulikuwa wa kuua na njia ya kuzunguka ilikula siku nzima. Kisha asubuhi moja kivuli kikaonekana. Wa kwanza kuvuka alikuwa mbwa wa Kinyozi, ambaye hasomi ripoti, akimfukuza paka. Kinyozi akamfuata mbwa wake, watu wakamfuata Kinyozi, ikawa ndiyo njia.

Foleni waliipanga wenyewe. Wagonjwa na wajawazito mbele, mizigo mizito baada ya adhuhuri, na miaka yote hiyo hakuna aliyesukumwa. Kinyozi alijivunia jambo hilo mpaka akawa anachosha.

“Serikali ya nini, jamani?” aliwauliza wateja, wembe ukiwa shingoni mwao, kwa hiyo hakuna aliyembishia.

Mama Cherehani, aliyeshona nguo mlango wa pili, hakumbishia pia. Yeye alikuwa na sababu zake za kunyamaza. Mdogo wake wa kiume alikuwa karani wa ofisi ya ujenzi, na ndiye aliyeichapa ile ripoti. Mtaa mzima ulijua, na hakuna aliyemnunia. Karani alivuka kwenye kivuli kila siku kwenda kazini, akisalimia watu bila kuwatazama usoni.

Binti wa Mama Cherehani alikuwa na mimba yake ya kwanza, na hospitali ilikuwa ng'ambo. Mama alikuwa amepanga wavuke mapema, wakangojee hukohuko. Lakini uchungu ulimshika binti wiki tatu kabla ya wakati wake, na siku hiyo ilikuwa ya tatu ya mawingu.

Kinyozi aling'oa mlango wa duka lake, wakamlaza juu yake, wanaume wanne wakambeba hadi ukingoni. Watu wote wa foleni walimpisha. Mbele yake palikuwa na maji tu.

Ng'ambo, gari la wagonjwa lilikuwa limesimama, na nesi alikuwa ameshuka na mkoba wake. Alikuwa karibu kiasi cha kuonekana vifungo vya gauni lake.

“Mama,” binti aliuliza, “jua bado?”

“Bado, mwanangu. Linakuja.”

Mtoto alitangulia kufika. Alizaliwa saa saba mchana, wa kike, akalia vizuri, na watu wakashangilia pande zote mbili za mto. Kisha damu ikaanza kutoka, na haikukoma.

“Msugue tumbo!” nesi alipiga kelele kutoka ng'ambo. “Chini ya kitovu! Kwa nguvu, mama! Na mtoto mpe titi!”

Mama Cherehani alisugua. Alibadilisha mkono, akasugua tena. Nesi aliinua juu kichupa kidogo cha dawa, kila mtu akakiona. Kinyozi alitazama mawingu, akayatukana kwa sauti, kisha akaanza kuyaomba. Kila kitu kilikuwa kimepangwa vizuri upande huu, na hakuna aliyejua jua linapangiwa wapi foleni.

Saa tisa na robo mawingu yaliachana kidogo. Kivuli kikaja, hafifu, na nesi akakimbia juu yake, viatu mkononi, maji yakimlowesha hadi magotini. Alifika. Akapiga magoti, akashika mkono wa binti, akaushika tena. Kisha akamfumba macho.

Huzuni iliyoushika mtaa ule ilikuwa nzito, na haina haja ya kupambwa.

Karani aliandika barua kuomba daraja lijengwe. Jibu lilikuja upesi kuliko ilivyotarajiwa: kwa mujibu wa kumbukumbu daraja lipo na liko katika hali nzuri, na haiwezekani kujenga madaraja mawili mahali pamoja. Walimshukuru kwa taarifa. Wakaleta na ubao: wananchi mnaombwa kutovuka wakati wa mawingu.

Kinyozi alikuja kukaa na Mama Cherehani.

“Hukukosea,” mama akamwambia. “Foleni tuliiweza. Wala mimi sikutaka serikali kubwa. Nilitaka tu wakiandika daraja, liwepo daraja.”

Siku hiyo jioni Karani naye alikuja. Dada yake alikuwa anambembeleza mjukuu, na hakuinua kichwa.

“Mdogo wangu, ulipokuwa unachapa ile ripoti, ulifikiri nani atavuka?”

Karani aliketi kwenye kigoda.

“Hakuna mtu, dada. Nilifikiri hakuna atakayevuka.”

Mama Cherehani alimpa mtoto ambebe. Karani alimpokea kwa mikono miwili, kwa sababu mtoto alikuwa na uzito.

Asubuhi yake ilikuwa siku ya chanjo. Jua lilikuwa kali na foleni ilikuwa ndefu, wakampisha bibi mtu apite mbele na mjukuu wake mgongoni. Alikanyaga kivuli, akakiona ni kigumu, akavuka.