Sarafu ya Kumi

Kila asubuhi, kabla ya chai, mimi hupita na trei kwa wafanyakazi kumi wa kiwanda cha sarafu. Kila mmoja hunipa sarafu ya majaribio anayoivaa shingoni, ndani ya kifuko cha kitambaa. Naipima uzito, naikagua rangi nione kama jasho limeila, namrudishia. Maabarani tunalo jasho la dawa, la kutengeneza, lakini mkuu wetu husema jasho la dawa halijui shida za watu.

Leo, siku ya tisini na ya mwisho, fundi wa tanuru hakutoa yake.

"Mzee, imebaki yako tu."

"Andika imepotea, binti."

Mpiga chapa akadakia, "Baba Kijani, usiniambie umeipeleka dukani. Ile hainunui hata kiberiti."

Tulimpa jina hilo kwa sababu sarafu zake za mwanzo zote ziliota kutu ya kijani. Miaka sita amekuwa akichanganya shaba, zinki na bati, akimwaga, akianza upya. Mchanganyiko huu wa sasa haujabadilika rangi hata chembe. Zikirudi zote kumi, tunazikata katikati kwa msumeno, tunatazama ndani kwa hadubini, na kazi yake inapita. Ikikosekana moja, jaribio zima linafutwa.

Fundi hakucheka. Ndiyo kwanza arudi kazini baada ya kumzika mkewe. Mazishini nilikaa nyuma kabisa, nikaondoka bila hata kumpa pole.

Nilimfuata tanuruni. Alikuwa amekalia ndoo iliyopinduliwa, ngumi ameikaza.

"Nikiandika hivyo, miaka sita inakwenda na maji," nilisema.

"Najua."

"Na mkuu hataruhusu uanze tena."

"Hilo nalo najua."

Nilifungua daftari. Niliandika tarehe tu, nikaiweka kalamu chini.

"Wiki tatu alizolazwa mke wangu sikuivaa mimi," alisema taratibu. "Aliivaa yeye, kule wodini. Asubuhi naichukua nakuletea, jioni namrudishia. Nilimwambia, kwa homa hiyo jasho lako litaipima vizuri kuliko langu. Akacheka. Akasema, kumbe hata kitandani sikosi kibarua."

Nikamwambia, "Pole, mzee," kwa sauti ndogo mno, sijui kama alisikia.

Akafungua ngumi. Sarafu ilikuwa pale, safi.

"Haijapotea," alisema. "Ninayo. Sitaki ikatwe."